Kiti mwendo cha kukunja na cha magurudumu matatu: tathmini kutoka mitaa ya milimani Mwanza

Katika maduka ya vifaa tiba ya katikati ya jiji la Mwanza, kiti mwendo kinachopatikana kwa urahisi ni kile cha kukunja, chenye fremu ya chuma inayong'aa, kikalio cha kitambaa cheusi cha plastiki na magurudumu mawili madogo ya mbele. Ndicho kinachosukumwa katika korido za hospitali, na ndicho kinachogawiwa mara nyingi katika hafla za misaada. Nilipewa cha aina hiyo nilipotoka hospitalini baada ya kuumia uti wa mgongo, nikakitumia kwa miaka kadhaa, na sasa natumia kiti cha magurudumu matatu kilichotengenezwa kwa vipimo vyangu na karakana ndogo ya hapa hapa jijini. Sitaji jina la aliyenipa cha kwanza wala la karakana ya cha pili, kwa kuwa ninachopima ni aina ya kiti na huduma inayoambatana nacho. Ninamwandikia mtu aliye karibu kununua, familia inayochanga fedha kwa ajili ya ndugu yao, na mfadhili anayeamini kwamba kiti chochote ni bora kuliko kukosa kiti.

Kiti cha kukunja kina mazuri yake, na ni haki yaanze kusemwa. Kinaingia nyuma ya bajaji bila kufunguliwa nati hata moja, kinapita katika milango mingi ya ndani, na kinageuka mahali pembamba, kama pale kati ya meza yangu ya kukatia nguo na cherehani. Kwa mtu ambaye bado ana hisia katika makalio, anayekikalia saa chache kwa siku na juu ya sakafu laini, kwa mfano mzee aliyechoka magoti au mgonjwa anayesubiri mfupa uunge, kiti hiki kinatosha na sioni sababu ya kutumia fedha zaidi. Kinafaa kumhamisha mgonjwa kutoka wodini kwenda chumba cha picha na kumrudisha.

Shida huanza kinapokabidhiwa mtu atakayekikalia kuanzia alfajiri hadi usiku, mwaka baada ya mwaka. Kitambaa cha kikalio hulegea haraka na kubonyea katikati kama machela. Mapaja husukumwa kukutana, nyonga huinama upande mmoja, mgongo hufuata kupinda, na uzito wote wa mwili huishia juu ya mifupa miwili ya makalio. Mtu mwenye hisia huumia, akajigeuza bila hata kufikiri. Mimi sina hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa hiyo hakuna kitu kinachoniambia nijigeuze. Ngozi inapobanwa kwa muda mrefu kati ya mfupa na kitu kigumu, damu hukosa njia, na nyama ya ndani huweza kuanza kufa wakati juu hakuna kinachoonekana isipokuwa sehemu iliyozidi weusi na joto ambalo kiganja kinaweza kulihisi. Wataalamu wa mazoezi tiba hutufundisha kujiinua kwa mikono au kuinama mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30. Ni mafunzo mazuri na ninayafuata, lakini mwenye oda ya sare za shule mwezi wa Desemba, cherehani ya miguu ikiwa imegeuzwa iendeshwe kwa mkono, hawezi kuitegemea saa peke yake. Kinachomlinda wakati akili iko kwenye kazi ni mto mzuri. Kiti changu cha kwanza kilikuja bila mto, na sikuambiwa na yeyote kwamba mto ni sehemu ya kiti.

Niliposhona mto wangu wa kwanza nilitumia sponji ya godoro iliyokuwa imebaki nyumbani, na ndivyo wenzangu wengi wanavyofanya. Sponji laini ya godoro huonekana nene ukiishika mkononi dukani, lakini ukiikalia inabanwa yote hadi chini, na makalio yanarudi palepale kwenye kitambaa. Mto unaofaa huwa na tabaka mbili: sponji ngumu chini, iliyochongwa shimo dogo la kupokea makalio na miinuko ya kutenganisha mapaja, kisha sponji laini zaidi juu. Kava lake liwe la kitambaa kinachonyumbuka kidogo na kinachopitisha hewa, kisivutwe kwa nguvu juu ya sponji, kwa sababu kava lililokazwa hufuta kazi yote ya shimo lile. Hapa nasema kama fundi: mshono usipite chini ya mfupa wa makalio, na zipu iwe nyuma. Sponji huchoka, na mto uliochoka lazima ubadilishwe hata kama kava bado linapendeza.

Nakaa sana juu ya jambo la mto kwa sababu hapo ndipo kiti cha bei nafuu hugeuka kuwa kiti cha gharama kubwa kuliko vyote. Kidonda cha mgandamizo, yaani hicho cha ngozi iliyobanwa, kikishafunguka, tiba ya kwanza ni kuacha kukikalia, yaani kulala kifudifudi au kwa ubavu kwa wiki nyingi, na kikiwa kirefu, kwa miezi. Fundi cherehani asiyekaa hashoni. Wateja huenda kwa mwingine, kodi ya kibanda inaendelea kuhesabiwa, chachi na maji ya kusafishia kidonda hununuliwa, bajaji ya kwenda na kurudi zahanati hulipwa, na mara nyingi dada au mama huacha biashara yake ili auguze. Kidonda chenyewe hunyonya protini ya mwili, kwa hiyo mgonjwa anatakiwa kula vizuri wakati uleule ambao fedha ya chakula imekwisha. Sisi wa kando ya ziwa tuna nafuu ya dagaa, isipokuwa siku za mbalamwezi ambapo wavuvi wa karabai hupumzika na bei hupanda. Vijidudu vya maradhi vikiingia hadi kwenye mfupa au kwenye damu, mtu hufa, na watu husema amekufa kwa ulemavu wake. Amekufa kwa kidonda ambacho mto ungeweza kukizuia.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu usawa wa afya kwa watu wenye ulemavu, ambao inakadiria kuwa ni bilioni 1.3 duniani, sawa na asilimia 16 ya watu wote. Ripoti hiyo inasema kwamba baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko watu wasio na ulemavu, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na mambo yanayoweza kuepukika: umaskini, usafiri usiofikika, ubaguzi, na huduma za afya zilizopangwa bila kuwafikiria. Nilipoisoma nilifikiria kikalio kilicholegea, kwa sababu nimeona jinsi kitu kidogo namna hiyo kinavyoweza kumtoa mtu kazini, kumwingiza katika deni na kumfikisha wodini kwa mfuatano mmoja.

Kuna jambo la pili ambalo kiti cha kukunja hakikufikiria, nalo ni Mwanza yenyewe. Anayelifahamu jiji hili anajua kwamba vyumba vya kodi nafuu viko juu ya miamba: Mabatini, Igogo, Bugarika na miteremko mingine ambako nyumba zimejengwa kwa kufuata nafasi iliyoachwa na mawe. Chumba kilicho chini, kando ya lami, ambako kiti kingefika hadi mlangoni, kina bei ambayo mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya ajali haiwezi. Kwa hiyo yule anayehitaji zaidi sehemu tambarare ndiye anayesukumwa kupanda. Wako wenzangu ambao viti vyao hulala chini dukani kwa mangi, na wao hubebwa mgongoni hadi nyumbani na kaka au jirani. Asiye na wa kumbeba siku hiyo hashuki, hata kama ni siku ya kliniki. Anayeandikiwa kwamba hakuhudhuria kliniki huenda ana kiti kizuri kabisa, kilichofungwa mnyororo mita mia moja chini ya mlango wake.

Jiji limejenga barabara za mawe katika baadhi ya mitaa hiyo ya milimani, na nazishukuru, kwa kuwa bajaji sasa hufika mahali ambapo zamani palikuwa korongo tu. Lakini magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha kukunja huzama katika nafasi kati ya jiwe na jiwe, kiti kikasimama ghafla na aliyekikalia akatupwa mbele. Katika mchanga wa Mwaloni Kirumba, kule ninakokwenda kununua dagaa, magurudumu hayo hufukia na msukumaji hulazimika kukigeuza kiti na kukivuta kinyumenyume. Uma za plastiki zinazoshika magurudumu hayo hupasuka. Beringi zake ni za kipimo ambacho mafundi wa mtaani kwangu hawakuwa nacho, na kiti cha mwenzangu kimekaa uvunguni kwa sababu ya beringi moja.

Kiti cha magurudumu matatu kina gurudumu moja kubwa mbele, lililotangulia mbali kuliko miguu, na mawili ya baiskeli nyuma. Kwa kuwa gurudumu la mbele ni kubwa na liko mbali, kiti hakianguki kifudifudi kirahisi, na jiwe ambalo lingekisimamisha kile cha kwanza hiki hulipanda. Katika barabara ya mawe kinatikisika, ila kinaendelea. Kwenye mteremko mkali bado nahitaji mtu wa kukishika nyuma, na yeyote atakayedai kwamba kuna kiti cha kusukuma kwa mikono kinachopanda Bugarika peke yake hajafika Bugarika. Kwenye tambarare, kutoka Mabatini hadi Mlango Mmoja, najisukuma mwenyewe, na mabega hayaumi kama zamani, kwa sababu ekseli iliwekwa mahali ambapo mkono wangu hufikia gurudumu bila kunyooshwa nyuma. Mtu asiyeweza kutumia miguu anayatumia mabega kutembea, kufanya kazi na kujihamisha kitandani. Yakiharibika, hana akiba nyingine.

Hata hivyo kilichonifanya niandike si magurudumu bali namna nilivyohudumiwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa utoaji wa viti mwendo kwa nchi zenye kipato kidogo, unaotaja hatua nane: rufaa na miadi, tathmini ya mtumiaji, kuandika kiti kinachomfaa, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa kiti, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha mtumiaji, na mwisho ufuatiliaji na matengenezo. Katika hafla niliyopewa kiti cha kwanza, hatua zote nane zilikuwa kusikia jina langu likiitwa na kupigwa picha. Karakanani nilipimwa upana wa nyonga, urefu wa paja na urefu wa mguu kutoka goti hadi kisigino. Fundi aliyenipima amesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1981. Aliniuliza ninaishi wapi, choo kikoje, nashona saa ngapi, na nani hunisukuma. Aliniomba ruhusa ya kuangalia ngozi, na mama mmoja anayefanya kazi pale ndiye aliyeiangalia nyuma ya pazia, jambo lililonipa heshima ambayo mwili wangu ulikuwa umeisahau. Sehemu ya kuwekea miguu ilipandishwa na kushushwa mpaka ikakaa sawa: ikiwa juu mno, uzito wote hurudi makalioni, ikiwa chini mno, ukingo wa kikalio hubana mapaja. Baada ya muda nikaitwa tena, mto ukakaguliwa, na fundi akaweka mkono wake chini ya makalio yangu kuhakikisha kwamba mfupa haujafika chini.

Upande wa vipuri, uamuzi wa kutumia magurudumu ya baiskeli ni wa busara kwa watu wa huku. Usukumani baiskeli ni chombo cha kila nyumba, na hakuna mtaa usio na fundi mwenye spoki, tyubu na gundi ya kuzibia pancha. Fremu ikipasuka, fundi wa kuchomelea yeyote anaikarabati. Kikalio kikichakaa, turubai lipo madukani na nalishona mwenyewe. Kinachobaki cha kutoka karakanani ni mto, na karakana huubadilisha kwa malipo kidogo.

Kasoro zake ni za kweli, na mnunuzi azipime. Kiti ni kirefu. Hakigeuki ndani ya chumba kimoja chenye kitanda, kabati na jiko la mkaa, hivyo nyumbani nalazimika kutambaa au kutumia kigoda. Kuingia kwenye bajaji kunahitaji magurudumu ya nyuma yang'olewe, na madereva wengine hawana subira hiyo au hudai nauli ya mzigo. Daladala ndiyo sijaribu tena. Pantoni la Kamanga, kwa upande mwingine, linanifurahisha, kwa sababu nashuka na kupanda kwa njia ileile ya magari, bila kubebwa na mtu yeyote.

Kasoro kubwa zaidi ni ya choo, ingawa sehemu ya lawama ni ya wajenzi. Gurudumu la mbele hugonga ukuta kabla sijafika karibu na tundu, na vyoo vingi vya nje katika nyumba za kupanga vina kizingiti na mlango mwembamba. Wanawake wenye ulemavu wanalijua jibu ambalo wengi wetu hulitumia: usinywe maji hadi urudi nyumbani. Katika joto la Mwanza, na kwa mtu ambaye kibofu chake hakitoi mkojo wote, jibu hilo huzaa maambukizi ya mkojo yanayojirudia, mawe, na mwishowe figo zilizodhoofika, yaani dawa, vipimo na siku nyingine bila kazi. Nilimweleza fundi jambo hili, akasema wanafikiria kutengeneza kiti kidogo cha bafuni cha mabomba. Natamani wasiishie kufikiria. Kiti cha kazini pekee hakimalizi siku ya mtu.

Kuhusu bei, nilikilipia kiti hiki karibu mara mbili ya bei ya dukani ya kiti cha kukunja, kwa awamu, sehemu ikitoka katika kikoba chetu cha mtaa. Kwa mtu anayeshona, ni fedha nyingi sana. Kwa mtu asiye na kipato ni ndoto, na ndiyo maana hapokei kiti kinachomfaa bali kile ambacho kimeletwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 20 ya mkataba huo inazungumzia vifaa vya kutembelea vyenye ubora kwa gharama ambayo mtu anaimudu. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Halmashauri nazo zina utaratibu wa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni wa shughuli za kujiingizia kipato. Ningeomba wanaoupanga wakubali kwamba kiti chenye mto ni kitendea kazi sawa na cherehani, kwa sababu mimi nilikuwa na cherehani muda wote niliolala kifudifudi kwa kidonda, na haikuniingizia shilingi.

Anayenunua kiti cha kukunja kwa sababu ndicho anachokimudu anaweza kukipunguzia madhara. Aketi juu yake palepale dukani, akaangalie kama kiganja kinapita kwa kubana kidogo kati ya nyonga na pembeni ya kiti. Kikiwa kipana mno atainama upande mmoja. Aombe tairi za upepo badala ya zile ngumu. Aweke kibao chembamba juu ya kitambaa cha kikalio ili kisibonyee, na juu ya kibao mto wa tabaka mbili, bila kukosa, kwa kuwa kibao bila mto ni hatari kuliko kitambaa kilicholegea. Kisha akague ngozi kila jioni kwa kioo au kwa msaada wa mtu anayemwamini. Mfadhili mwenye fedha za viti kumi vya kukunja visivyo na mito, ningemshauri anunue vitano vilivyopimwa, vyenye mito, na kiasi kitakachobaki akiache kwa fundi kwa ajili ya matengenezo.

Kwa anayekwenda kupimwa karakanani: nenda asubuhi, kabla ngozi haijachoka na kukaa. Chukua kiti chako cha zamani pamoja na mto wake, kwa sababu fundi husoma uchakavu wake na kujua unaegemea upande gani. Pima kwa kamba upana wa mlango wa chumba chako na wa choo, na uende na yule anayekusukuma kila siku, maana naye ana mgongo, na urefu wa mpini hupangwa kwa kimo chake.